Maswali ya gereji: kompresa inatema maji, chasisi inarudi kutu

Masika imeingia na barua nazo zimeingia, wiki hizi karibu kila anayeniandikia toka Arusha na Moshi analalamikia kitu kimoja, maji kwenye upepo, yaani hewa ya kompresa. Wengine wanapiga mchanga chasisi (kuurusha kwa upepo kung'oa kutu na rangi ya zamani), wengine wanapuliza rangi, ila ugonjwa ni ule ule kwa hiyo nimeyaweka maswali yao pamoja. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana ukilielewa hilo mengine yote yanakuwa mepesi. Majina nimeyaacha, wenyewe mnajijua.

Swali: Shikamoo fundi. Niko Njiro, nina Land Cruiser 70 series iliyochoka kwa kazi za utalii, nimetoa bodi yote nataka kupiga mchanga chasisi mwenyewe hapa nyumbani. Nina kompresa ya HP 3 tenki lita 200, poti la mchanga la kununua na nozo ndogo ya moja ya nane ya inchi. Dakika ya kwanza inapiga safi, alafu inaanza kukohoa, inatema, mchanga unashikana kama unga wa dona uliolowa mpaka nafungua poti nachokonoa kwa waya. Nimefunga filta mbili za maji pale pale kwenye mdomo wa kompresa na bakuli zake ziko kavu kabisa! Na sehemu niliyoipiga asubuhi jioni imekuwa ya njano. Ninunue filta ya tatu?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Usinunue. Filta zako ni nzima, tatizo ni mahali ulipozifunga. Filta inakamata maji, haikamati mvuke, na upepo ukitoka kwenye kompresa ukiwa wa moto hauna maji bado, una mvuke tu. Unapita filta zote mbili kama hazipo, unaingia kwenye mpira, unapoa humo ndani, maji yanazaliwa humo humo na filta ulishaziacha nyuma. Ni kama soda ukiitoa kwenye friji ikatoka jasho, yale maji hayakutoka ndani ya chupa, yalikuwa hewani muda wote yanasubiri kitu cha baridi.

Twende na hesabu kidogo, msichoke. Hewa ya Arusha msimu huu tuseme ina nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80 na kitu, hapo kila mita ya ujazo imebeba kama gramu 14 za maji. Nozo yako ikifanya kazi kwa psi 100 (psi ni kipimo cha presha) inataka kama futi za ujazo 20 kwa dakika, ambazo kwa saa ni karibu mita za ujazo 34. Zidisha mwenyewe, ni karibu nusu lita ya maji kila saa na hapo mvua hata hainyeshi. Kompresa yako haifiki upepo huo (tutalirudia hilo) ila hata ikitoa nusu yake bado ni robo lita kwa saa, na robo lita ndani ya poti la mchanga ni matope.

Sasa angalia kinachotokea kwenye joto. Ukiibana hewa ya huku kwetu mpaka geji isome psi 100 inabaki na sehemu kama moja ya tisa ya ukubwa wake. Kama bado iko nyuzi 60, hewa hiyo iliyobanwa ina uwezo wa kuzibeba zile gramu 14 zote kama mvuke, haiangushi hata tone moja, ndo maana bakuli zako kavu na wewe ukadhani mambo ni safi. Iache ipoe mpaka nyuzi 25, uwezo wake unashuka mpaka gramu 2 na nusu hivi. Zile gramu 11 na ushee zilizobaki lazima zigeuke maji, haziombi ruhusa. Swali ni zitageukia wapi, kwenye kifaa ulichokiweka kuzikamata au kwenye poti.

Kwa hiyo unapoza kwanza, unakamata maji, alafu ndo unachuja. Ukibadilisha mpangilio huo umetupa hela.

Kupoza kuna njia mbili tatu. Rahisi kuliko zote kwa mtu wa nyumbani ni kondensa ya AC ya gari, ile ya mbele ya redieta, unaipata kwa wauza spea za mtumba. Ile imetengenezwa kwa presha ya gesi ya AC ambayo kwa kawaida inazidi psi 200 kwa hiyo psi 100 na kitu haiitishi, alimradi haijatoboka wala haijachubuliwa na ajali. Isafishe ndani mafuta ya AC yatoke yote, yakibaki yatakwenda kwenye chuma na rangi itakataa kushika. Isimamishe, feni mbele yake, upepo uingie juu utokee chini, alafu mara tu baada ya hapo weka kitenganishi cha maji chenye koki ya kumwaga. Mtu akikwambia tumia redieta ya kawaida ya maji kataa, redieta inafanya kazi kwenye psi 15 au karibu na hapo, ukiitia 100 itapasuka na mabati yake yatakufuata ulipo.

Njia ya pili ni bomba la GI, lile la chuma lililopakwa zinki, mita kumi na tano hivi, limepanda na kushuka ukutani mara kadhaa, kila linaposhuka chini kabisa unaacha kipande cha kuning'inia chenye koki. Linapoza polepole na ni zito kulihamisha ila halina feni wala umeme na litakuzika wewe. Wengine wanakunja bomba la kopa wanalitumbukiza kwenye pipa la maji, inafanya kazi vizuri sana kwa nusu saa ya kwanza, alafu maji ya pipa yanapata moto na umerudi ulipokuwa. Kama una maji ya mfereji ya kupitisha taratibu sawa, kama huna usihangaike nalo.

Hizo filta zako mbili sasa zihamishe. Moja ikae baada ya kitenganishi, nyingine ikae karibu kabisa na poti. Na regyuleta, kile kifaa cha kushushia presha, iweke baada ya kitenganishi, sio kabla, hapa wengi hawaelewi sababu. Upepo uliopoa na kukamatwa maji bado umejaa mvuke mpaka shingoni, ukipoa hata nyuzi mbili zaidi utatoa maji tena. Ila ukiukamata maji ukiwa psi 120 alafu ukaushusha mpaka 90 umeupa nafasi ya kupumua, unyevu wake unashuka mpaka asilimia 77 hivi bila kununua kitu chochote. Na mpira wa kwenda kwenye poti usiulaze kwenye nyasi zilizolowa au sakafu ya baridi, ulaze juani. Watu wanafanya kinyume, kompresa juani na mpira kivulini! Kompresa ndo ikae kivulini na ivute hewa ya nje, mbali na vumbi lako la mchanga.

Sasa lile la ukubwa wa kompresa, na hapa nitakuudhi kidogo. HP 3 kwa kawaida inatoa kama futi 10 mpaka 12 kwa dakika, nozo yako inataka 20. Na hiyo 10 mpaka 12 ni hesabu ya usawa wa bahari, Arusha iko mita kama 1,400 juu, hewa ya huku ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo pungusha tena (wa Moshi mko chini kidogo, nyie pungusheni kama asilimia 10). Maana yake tenki linaisha ndani ya dakika chache, kompresa haizimi, inachemka, upepo unatoka wa moto zaidi, presha inashuka, na presha ikishuka tenki nalo linakamata maji pungufu, kila kitu kinakugeuka kwa pamoja. Ndo maana dakika ya kwanza ilikuwa safi, ile ilikuwa hewa iliyolala kwenye tenki ikapoa. Piga kidogo, pumzika tenki lijae na lipoe, mwaga maji chini ya tenki, piga tena. Chasisi itakuchukua siku nyingi ila itaisha. Ama ukodi kompresa ya dizeli ile ya kuvutwa na gari, wanazo watu wa ujenzi na barabara, siku moja inamaliza kazi, na usidhani hiyo haina maji, hiyo ina maji mengi zaidi kwa sababu inavuta hewa nyingi zaidi. Kipoza chake hakikisha kipo na kinafanya kazi.

Nozo nayo iangalie. Ya seramiki inaliwa ndani ya masaa machache tu, ikipanuka toka moja ya nane mpaka tatu ya kumi na sita ya inchi inakula upepo zaidi ya mara mbili, na wewe utakaa unailaumu kompresa. Ya tangsteni kabaidi ni ghali lakini inadumu mamia ya masaa.

Utajuaje umefanikiwa? Kuna jaribio la zamani, liko hata kwenye viwango vya Marekani kwa namba ASTM D4285: funga mchanga, acha upepo mtupu utoke, shika kitambaa cheupe kisafi au karatasi ya kunyonya mbele yake ndani ya sentimita 60, dakika moja nzima. Kikitoka kikavu na cheupe endelea. Kikiwa na unyevu rudi kwenye kupoza. Kikiwa na doa la mafuta hapo ringi za kompresa zimechoka au umejaza oili kupita alama, na mafuta kwa mwenye kupaka rangi ni mabaya kuliko maji, maana maji yanakauka. Fanya hilo jaribio kila asubuhi kabla hujaanza na tena mchana joto likibadilika.

Mchanga wenyewe pia, usiache mfuko wazi usiku kucha alafu asubuhi uumimine kwenye poti. Na poti usilale nalo likiwa limejaa.

Kuhusu ile njano ya jioni. Chuma kilichopigwa mchanga kiko uchi, hakina hata ganda la kujikinga, praima (rangi ya kwanza ya kushika chuma) iingie siku hiyo hiyo, watu wa kazi hizi wanahesabu masaa manne hivi na siku ya unyevu ni pungufu ya hapo. Usipige chasisi nzima alafu ndo utafute praima. Piga kipande unachoweza kukimaliza, puliza vumbi kwa upepo mkavu, paka, kesho endelea na kingine ukipishanisha kidogo kwenye mpaka. Na usikishike kwa mkono mtupu, jasho lina chumvi.

Nimalizie na hili maana gari lako ni la utalii. Gari linaloingia kreta ya Ngorongoro au linalokwenda Natron linarudi na magadi kwenye kila kona ya chasisi, hiyo ni chumvi na mchanga hauiondoi vizuri, unaipigilia kwenye vishimo vya kutu. Osha kwanza kwa maji mengi ya presha, toa grisi kwa sabuni ya gereji, acha ikauke kabisa, ndo uanze. Kuna chasisi imepigwa vizuri, upepo mkavu, praima nzuri, na baada ya masika moja rangi imefura malengelenge, mara nyingi ni chumvi iliyobaki chini yake.

Swali: Mambo vipi kaka mkubwa. Niko Pasua, Moshi. Mchanga wa kununua naambiwa ni bei, mimi nauchukua wa mtoni nauchekecha nauanika juu ya bati siku mbili unakauka kabisa. Unapiga vizuri tu. Jamaa mmoja wa gereji ya jirani ananitisha eti utaniua. Nikivaa barakoa si inatosha?

Jibu: Poa mdogo wangu. Huyo jamaa wa jirani mnunulie chai, ana haki.

Mchanga wa kawaida una kwatsi, na kwatsi yenyewe ni silika. Ukiurusha kwenye chuma kwa spidi ile kila punje inapasuka inakuwa vumbi jembamba ambalo huwezi hata kuliona, linaingia mpaka mwisho wa pafu na halitoki tena. Pafu linajenga makovu, unaitwa ugonjwa wa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya, na aliye nao anapata kifua kikuu kirahisi kuliko wengine. Huku kwetu hili sio hadithi ya mbali, uliza wachimbaji waliofanya kazi mashimo ya Mererani vumbi la kuchoronga limewafanya nini, uliza hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto kule Siha inapokea watu wa aina gani. Na wao wanachoronga mwamba tu, wewe unaupasua mchanga mbele ya pua yako. Marekani taasisi yao ya afya kazini, NIOSH, ilishapendekeza mchanga wa silika usitumike kwa kazi hii toka mwaka 1974.

Barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali haizuii kitu hapo. Anayepiga anatakiwa kofia maalum inayoletewa hewa safi ya kupumua kwa mpira wake peke yake, na hewa hiyo isitoke moja kwa moja kwenye kompresa yako ya oili bila filta zake maalum, kompresa ikichemka sana inaweza ikakuletea hewa yenye sumu ile ile ya moshi wa jiko la mkaa. Na watoto wanaosimama getini kuangalia, mama anayeuza ndizi upande wa pili, nao wanapumua hilo vumbi na hawana hata hiyo barakoa.

Huwezi kujua kwa macho mchanga wa mto fulani una kwatsi kiasi gani kwa hiyo usinibishie kwamba wa kwenu ni mweusi wa mlimani. Tafuta punje za kupigia za ganeti, Dar inapatikana na Nairobi pia, au za alumini oksaidi. Nozo ndogo chukua ganeti laini ya namba 80, punje kubwa zitaziba. Bei inaonekana kubwa kwenye mfuko lakini ganeti ukiikusanya juu ya turubai ukaichekecha inarudi kazini mara mbili tatu, mchanga wa mto ukipiga mara moja umeshakuwa unga. Alafu kwa upande wa maji tunaouzungumzia leo, mchanga wa mto una udongo wa mfinyanzi humo ndani, udongo ukikutana na unyevu kidogo tu unaganda kwenye valvu. Nusu ya kukohoa kwa poti lako ni huo udongo.

Chembe za chuma ni nzuri pia kama una chumba kilichofungwa unazikusanya, ila zikipata unyevu zinashika kutu zenyewe zinakuwa tofali. Kwa kazi ya nje uani achana nazo.

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mama mwenye magari matatu ya safari, ofisi iko Sakina. Fundi anasema atapiga mchanga chasisi bila kushusha bodi, siku mbili gari linarudi barabarani. Mwingine anasema lazima avue kila kitu, wiki tatu na bei mara nne. Mimi sijui kutofautisha, nimwamini nani?

Jibu: Nzuri dada, pole na msimu wa matope. Wa pili anakuambia ukweli wa kazi yenyewe, bei yake mjadili nyie.

Mchanga unaingia popote. Bodi ikiwa juu, ule upande wa juu wa chasisi haufikiki na mara nyingi ndo ulioliwa, mchanga utaingia kwenye bearingi, kwenye mipira ya breki, kwenye bushi, kwenye nyaya, na utausikia ukisaga kwa miezi. Siku mbili inatosha kusafisha sehemu za kuonekana tu, hiyo anaweza kuifanya kwa grainda na brashi ya waya na akuambie hivyo, asiite kupiga mchanga chasisi.

Kabla hujamlipa yeyote mwambie namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma aifunike vizuri kwa raba na tepu nene. Akiipiga mchanga ikafutika utakuwa na kesi na polisi na TRA ambayo praima haitaitibu. Nyuzi za bolti nazo zizibwe.

Chasisi za hayo magari ni boksi, zina uwazi ndani, na kutu kubwa inaanzia humo ndani inatoka nje. Kwa hiyo mwulize atafanya nini ndani. Akinyamaza tayari una jibu. Anatakiwa atoe mchanga wote ulioingia, apulize kwa upepo mkavu, azibue matundu ya kutolea maji, na mwisho kabisa baada ya rangi apulizie nta ya kuzuia kutu humo ndani kwa mpira mrefu. Na jiandae kisaikolojia, mchanga unafichua. Sehemu iliyokuwa inaonekana nzima chini ya rangi nyeusi itatoboka mbele yako, hapo aje mchomeleaji mzuri aweke bati la unene ule ule, sio kufunika na putti. Bajeti ya kuchomelea itenge mapema.

Usafi wenyewe unaweza kumwandikia kwenye makubaliano, kuna daraja linaitwa Sa 2½ kwenye kiwango cha ISO 8501-1, maana yake kutu na rangi ya zamani vimetoka na vilivyobaki ni vivuli vidogo vidogo tu vya madoa. Fundi anayejua kazi ukimtajia hilo atatabasamu. Wewe mwenyewe siku ya kupaka chukua selotepu ya kawaida, ibandike juu ya chuma kilichopigwa, ibandue, iangalie kwenye mwanga, ikijaa vumbi mwambie apulize tena kabla hajagusa praima.

Swali: Niko Ngaramtoni, napaka rangi asubuhi na mapema kwa sababu mchana kuna upepo wa vumbi. Chuma kinakuwa kikavu kwa macho lakini rangi inabanduka kama ganda la yai. Upepo wangu nimeupima kwa kitambaa ni mkavu. Nini tena?

Jibu: Upepo mkavu, chuma ndo kimelowa. Huko Ngaramtoni asubuhi, hasa Juni na Julai, chuma kimelala nje kina baridi kuliko hewa na umande unakaa juu yake mwembamba kiasi huuoni. Kanuni ya wapaka rangi ni chuma kiwe na joto zaidi ya lile joto la umande (joto ambalo hewa ikipoa kufikia hapo inaanza kuangusha umande) kwa nyuzi 3 angalau, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kipima joto na unyevu kidogo cha kuweka mezani sio ghali sana, pata kimoja, na kile cha kupima joto la kitu kwa kukilenga kama bastola. Kama huna bado, futa sehemu ndogo ya chuma kwa kitambaa chenye maji kidogo, unyevu ukikauka haraka unaweza kuanza, ukikaa tu hapo bila kukauka kunywa chai kwanza. Saa nne mpaka saa tisa ndo muda wako, vumbi lizuie kwa kuzungushia turubai.

Swali: Fundi silika jeli yangu ya bluu, zile punje za kunyonya unyevu kwenye upepo, imekuwa ya pinki yote ndani ya siku moja, niitupe? Naweza kuikaanga kwenye sufuria?

Jibu: Usiitupe, ila sio kwenye sufuria ya nyumbani. Ile ya bluu rangi yake inatokana na kobalti ambayo ni sumu, tafuta chombo chake peke yake kisichorudi jikoni. Ikaushe kwa joto la nyuzi 120 hivi mpaka rangi irudi, ukizidisha moto unaiua. Ya machungwa inayogeuka kijani ni bora, ukinunua tena chukua hiyo.

Lakini siku moja? Hiyo inaniambia umeiweka kupokea upepo wa moto moja kwa moja. Silika jeli ni ya mwisho kabisa kwenye mstari, inamalizia mvuke mdogo uliobaki baada ya kupoza na kukamata maji, haiwezi kunywa robo lita kila saa. Na ikipata mafuta imekufa, haikaushiki tena, kwa hiyo mbele yake kuwe na filta ya mafuta.

Swali: Gereji yetu iko Unga Limited, tumesambaza upepo kwa bomba za PVC za maji, ni rahisi na hazishiki kutu. Ila kila anayepuliza rangi mwisho wa bomba analalamika maji. Tuongeze mteremko?

Jibu: Zitoeni kwanza. PVC ikibeba maji ikipasuka inavuja, ikibeba upepo ikipasuka inalipuka vipande vyenye ncha, na joto la kompresa pamoja na mafuta vinaifanya iwe dhaifu kila siku bila nyie kuona. Wekeni GI.

Mteremko ndio, sentimita moja kwa kila mita, uelekee mbali na kompresa, na mwisho wa bomba pawe na kipande cha kushuka chenye koki inayomwagwa kila asubuhi na kila mchana. Ila kinachowaletea maji wapulizaji wenu nadhani ni matawi, mmeyatoa chini ya bomba kuu ndo maana maji yanateremkia humo humo. Kila tawi litokee mgongoni mwa bomba, lipande juu kidogo, likunje ndo lishuke kwa fundi, na chini ya pale anapochomeka mpira wake acheni kipande kingine cha kukusanya maji na koki yake. Kompresa nayo iungeni na bomba kwa kipande cha mpira wa presha, ule mtetemo wake ndo unaolegeza nyuzi za GI.